Kila mtaa wa Dar una sababu: historia ya wapangaji waliotutangulia mjini

Kila siku kuna mtu anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis akiwa na begi, ndoo yenye vyombo na namba ya dalali kwenye simu. Kapata kazi, kapata chuo, au kachoka tu na huko alikotoka. Swali lake la kwanza ni lile lile: nipange wapi?

Ukiuliza mtandaoni utapata majibu mia kidogo. Mmoja atasema Sinza, kuna kila kitu. Mwingine atakwambia Kimara, kuna mwendokasi. Mwingine atakupeleka Chanika, kodi ndogo na hewa safi. Wote wanasema ukweli, ila kila mmoja anakupa nusu yake. Hakuna anayekwambia kwa nini Sinza ina mitaa iliyonyooka wakati Manzese, jirani yake kabisa, bajaji inapita kwa kubana. Hakuna anayekwambia kwa nini watu wengi wa kusini utawakuta Mbagala, au kwa nini nyumba nyingi za Kariakoo ya zamani zilikuwa na vyumba sita na korido katikati.

Leo hatutaji mastaa, wadau. Hii ni historia ya watu ambao vitabu haviwataji majina: mpagazi, bibi mwenye nyumba, kuli wa bandarini, konda, dalali na mpangaji mwenyewe. Ndio waliochora ramani ya Dar unayoitumia leo kutafuta geto.

Mji uligawanywa kabla babu yako hajafika

Kabla ya Dar kulikuwa na Mzizima, kijiji cha pwani. Miaka ya 1860 Sultan Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake mpya pembeni ya bandari ile. Akafariki mwaka 1870, na aliyemfuata, Barghash, hakuwa na mpango nao. Mji ukadorora. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakitoka Bagamoyo, ndipo ukaamka tena.

Sasa sikiliza walivyopanga. Mashariki, upande wa bahari wenye upepo, nyumba za mawe zenye bustani: hapo wakakaa Wazungu. Katikati, maduka na maghorofa madogo: hapo wakakaa Wahindi na wafanyabiashara. Magharibi, nyumba za miti na udongo: hapo Waafrika. Waingereza waliouchukua mji mwaka 1916 waliendeleza mgawanyo huo kwa kanuni za ujenzi. Kwenye karatasi hawakuandika rangi ya mtu. Waliandika aina ya nyumba. Lakini kama huna hela ya kujenga nyumba ya mawe, ulishajua upande wako.

Katikati ya Uhindini na kwa Waafrika wakaacha uwanja mtupu, wakisema ni kwa ajili ya afya. Uwanja huo upo mpaka leo, tunauita Mnazi Mmoja. Watu wanapita pale kila siku wakikimbilia Kariakoo bila kujua kwamba wanavuka mpaka uliowekwa makusudi.

Maneno tunayotumia hadi leo, "uzunguni", "uhindini", "uswahilini", hayakutoka hewani. Hata "ushuani" ya vijana wa siku hizi ni lile lile wazo likiwa na nguo mpya. Oysterbay ilijengwa kwa ajili ya maofisa wa kikoloni, kando ya bahari, mbali na kelele. Miaka mingi imepita tangu waondoke, ila kodi ya huko bado inaongea lugha ile ile.

Mpagazi na kambi iliyogeuka Kariakoo

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilibeba mizigo yake Afrika Mashariki kwa vichwa na mabega ya watu. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Eneo la Dar walikokusanyika wapagazi hao likachukua jina la kikosi chao. Midomo ya Waswahili ikalilainisha: Kariakoo.

Baada ya vita, Kariakoo ikawa ndio mji wa Waafrika. Mitaa ilipimwa, viwanja vikagawiwa, na mtu akajenga kwa uwezo wake. Ilikuwa karibu na kila kitu. Bandari unakwenda kwa miguu. Stesheni ya reli, kwa miguu. Nyumba za Wazungu na Wahindi ambako wengi walikuwa maboi, madobi na wapishi, nazo kwa miguu.

Nauli haikuwepo kwenye bajeti. Mtu wa Kariakoo alilipa kodi ya chumba na miguu yake ikamalizia. Na ndiyo maana mambo mengi ya mjini yakazaliwa hapo: Yanga ya mwaka 1935, Simba ya mwaka 1936, na TANU ya mwaka 1954. Yote yameota mizizi kwenye mitaa ya wapangaji, kwa sababu watu walikuwa wamebanana, wanaonana kila siku, na jioni hakuna aliyekuwa kwenye foleni.

Bibi mwenye nyumba na vyumba sita

Nyumba yenyewe ilikuwaje? Mlango mbele, baraza, korido inanyooka mpaka nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Nyuma ua, jiko, choo na bafu vya wote. Wataalamu wanaiita nyumba ya Kiswahili, na imejengwa kwa maelfu kuanzia Kariakoo mpaka Ilala, Magomeni, Temeke na Buguruni.

Mwenye nyumba alikuwa anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Na mara nyingi mwenye nyumba huyo alikuwa mwanamke. Mjini mwanamke hakuajiriwa kirahisi kwenye ofisi au bandari. Wengi walipika pombe, wakauza vitumbua na maandazi, wakajidunduliza, wakajenga. Nyumba ndiyo ilikuwa mshahara wao na pensheni yao.

Huyu bibi hakupangisha chumba tu. Yeye ndiye aliyejua nani anatafuta kuli kesho asubuhi. Ndiye aliyeamua ugomvi wa zamu ya kufagia ua. Mgeni aliyetoka Kigoma kwa treni hakwenda kwa dalali, alikwenda kwa mtu wa kwao, na mtu wa kwao akampeleka kwa bibi. Ukikosa kodi mwezi huu unaongea naye, anakupa siku. Ukizidisha, vitu vyako unavikuta barazani.

Ukisikia leo mtu anasema "sitaki nyumba ya wapangaji wengi, nataka chumba masta", anaikimbia nyumba ya bibi huyu. Na ana haki: choo cha foleni si jambo dogo. Ila kuna kitu kinaachwa nyuma pia. Kwenye korido ile hakuna mtu aliyeugua siku tatu bila mtu kugonga mlango. Kuna vijana leo wako kwenye masta yao nzuri, vigae mpaka ukutani, na jirani hajui jina lao.

Kuli, "mhuni" na karatasi ya kazi

Usidhani zamani mji uliwapokea wageni kwa maua. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kwa sababu moja, kazi. Aliyekutwa hana kazi na hajalipa kodi ya serikali aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Kwa hiyo chumba hakikuwa pa kulala tu. Kilikuwa pa kujifichia.

Wakati huo huo mshahara haukutosha kodi na chakula. Makuli wa bandarini waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, na mwaka 1947 mgomo wao ukasambaa mpaka kazi nyingine na mikoa mingine. Baada ya hapo serikali ikakubali kwamba wafanyakazi nao wanahitaji pa kukaa. Ilala ilikuwa imeshaanza, ikafuata Magomeni, Temeke na Kinondoni. Zile nyumba tulizoziita kota zimetoka kwenye kipindi hicho.

Hapo ndipo jambo jipya likaingia kwenye maisha ya mtu wa Dar: kukaa mbali na kazi. Kutoka Temeke au Magomeni mpaka bandarini si mwendo wa kufurahia asubuhi. Mwaka 1949 kampuni ya mabasi ya DMT ikaanza kazi mjini. Kuanzia hapo kila mpangaji wa Dar ana hesabu mbili kichwani, kodi na nauli. Hazijaachana mpaka leo.

Uhuru, Msajili na mitaa isiyo na hati

Uhuru ulipokuja, mipaka ya kanuni ikaondoka na watu wakaja kwa wingi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar ina watu kama 273,000. Ile ya 1978 ikakuta kama 843,000. Miaka kumi na moja tu, mji umejizidisha mara tatu! Hebu fikiria kila jirani yako aje na wageni wawili, na wasiondoke.

Serikali ilijaribu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likaanza kubomoa vibanda vya udongo kwenye mitaa kama Magomeni na kujenga nyumba bora pale pale. Tatizo likawa hesabu: unabomoa moja, unajenga moja, nyumba zinakuwa nzuri lakini haziongezeki, na watu wanaongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ukasimama.

Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Nyumba zilizozidi thamani ya shilingi 100,000 na ambazo wenyewe walikuwa wanapangisha zikachukuliwa na serikali, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na familia nyingi ziliondoka nchini baada ya hapo. Kwa mara ya kwanza Mwafrika wa kawaida, kama alikuwa na kazi serikalini na mtu wa kumsemea, aliweza kupanga gorofani Upanga au Kisutu kwa kodi ndogo. Wazee wako wakisema "nyumba ya Msajili", ndiyo hiyo. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba.

Asiye na mtu wa kumsemea alikwenda wapi? Manzese. Tandale. Buguruni. Keko. Alinunua kipande cha shamba kwa mzee wa Kizaramo, wakaandikishana mbele ya mashahidi, akajenga ile ile nyumba ya vyumba sita. Hati hakuna, barabara hakuna, maji ya kununua. Manzese ikawa mtaa mkubwa kuliko yote ya aina hiyo mjini.

Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ikabadili mbinu. Badala ya kujenga nyumba, ikapima viwanja na kupeleka barabara na maji, watu wajijengee. Ndiyo Sinza hiyo, na Kijitonyama. Manzese nayo, badala ya kubomolewa, ikapewa barabara na maji kiasi. Basi jibu la swali letu la mwanzo ndilo hilo. Sinza ilichorwa kabla watu hawajafika, Manzese watu walifika kabla ya mchoro. Viwanja vingi vya Sinza vililenga watu wa kipato kidogo. Leo muulize dalali kodi ya Sinza, kisha rudi utuambie kama bado ni ya kipato kidogo.

Na kuna Gezaulole. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wasio na kazi walitolewa mjini wakapelekwa kijiji cha ujamaa ng'ambo, Kigamboni. Jina lake ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvukazi, asiye na kitambulisho cha kazi anapandishwa gari kurudi shamba. Sheria ya mkoloni ya "mhuni" ilirudi ikiwa imevaa kaunda suti. Leo watu wanakwenda Gezaulole wikendi kupiga picha ufukweni, na viwanja vinauzwa kwa bei inayokata pumzi.

Konda anaingia mjini

DMT ilitaifishwa mwaka 1970 na mwaka 1974 ikazaliwa UDA. Wazo lilikuwa zuri, basi la wananchi kwa nauli nafuu. Ila mafuta yakapanda, spea zikakosekana, vita ya Uganda ikaja, na mabasi yakawa yanalala gereji. Watu wakasimama kituoni saa nzima, wakaamua kutembea.

Pengo hilo likazibwa na magari ya kuibia, marufuku lakini yanajaa. Yale ya wazi yenye mabenchi, abiria wanatazamana, yakaitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na tano mtaani ilikuwa inaitwa dala. Konda akapiga kelele "dala! dala!" na jina likabaki. Nauli ilishaondoka kwenye tano zamani sana, jina halijang'oka.

Huyu konda asiye na jina aliupanua mji kuliko mpango wowote wa wizara. Mahali gari lake lilipofika, watu walijenga. Kisha wakajenga mbele kidogo ya kituo cha mwisho, gari likasogea, kituo cha mwisho kikasogea nacho. Angalia majina: Kimara Mwisho, Mbezi Mwisho. Siku hizi "mwisho" hizo ni katikati ya safari ya mtu anayekwenda Kibaha.

Burudani nazo zilisogea. Bendi zilizokuwa zinapiga Kariakoo na Ilala zikapata kumbi Magomeni, na Mlimani Park ikaanza mwaka 1978. Sehemu yenye usafiri wa usiku ndiyo iliyopata muziki wa usiku. Ndiyo maana hata leo mtu wa shoo na bata anaipenda Sinza na Kinondoni, saa saba usiku bado anapata bodaboda ya bei ya kuongeleka.

Stendi ikihama, wageni wanahama nayo

Kuna kitu wengi hawakioni: pale mgeni anaposhukia pana nguvu ya ajabu juu ya wapi atapanga.

Enzi za treni alishukia Stesheni, akaishia Gerezani, Kariakoo au Ilala. Mabasi ya mikoani yalipokuwa yanaishia mjini kati, Kisutu na Mnazi Mmoja, mambo yalikuwa yale yale. Stendi ilipohamia Ubungo, mgeni wa kaskazini, wa nyanda za juu na wa kanda ya ziwa akashukia Barabara ya Morogoro, na Manzese, Mabibo na Kimara zikampokea. Mtu wa Lindi na Mtwara yeye anaingilia Barabara ya Kilwa, na ndiyo maana Mbagala imejaa ndugu zake. Februari 2021 stendi mpya ikafunguliwa Mbezi Luis. Nenda leo Mbezi, Kibamba na Kiluvya uone vyumba vinavyoota kila mwezi.

Hakuna aibu kuanzia kwa ndugu karibu na stendi. Kila mtu kaanzia mahali. Kosa ni kubaki hapo miaka mitano wakati kazi yako iko Masaki, kwa sababu tu ndipo basi lilipokushusha.

Barabara ikija, mpangaji anasogea

Sasa tufike kwenye jambo linalouma, na ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Wapangaji ndio wanaovumilia mtaa ukiwa mbaya. Wanakula vumbi, wananunua maji ya madumu, wanaamka saa kumi usiku kugombania gari. Halafu lami inakuja. Mwenye nyumba anapaka rangi, anaongeza kodi, na yule aliyevumilia anahama kwenda kwenye vumbi jipya. Kwa Kariakoo kulikuwa na hatua ya mwisho kabisa: bibi au wajukuu zake wakauza nyumba ya vyumba sita, likapanda ghorofa la maduka. Mtaa uliojengwa na wapagazi na wapika vitumbua, leo mtu wa kipato chao hana pa kulala.

Mwendokasi ulianza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Daladala zikaondolewa kwenye njia hiyo. Kwa muda, mtu wa Kimara alipumua, kisha watu wakaongezeka kuliko mabasi. Mwezi mmoja kabla yake, Aprili 2016, daraja la Kigamboni la mita 680 lilifunguliwa, na ng'ambo iliyokuwa ya kusubiri pantoni ikawa ya kugombewa viwanja.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya wengine. Kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121 kila upande, zikabomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Wenye nyumba walilia kwenye televisheni na tuliwaona. Wapangaji hatukuwaona. Kulikuwa na mtu aliyelipa kodi ya miezi sita mbele na nyumba ikawekewa alama ya X. Kwenye mjadala wa fidia, mpangaji hana kiti.

Kuna waliotendewa tofauti, na ni haki kusema. Wakazi wa zamani wa Magomeni Kota waliondolewa, nyumba zikavunjwa, wakasubiri miaka kumi hivi, na mwaka 2022 maghorofa ya kaya 644 yakazinduliwa kwa ajili yao. Walisubiri sana, lakini walirudi. Waliofukuzwa na kodi peke yake huwa hawarudi, kwa sababu hakuna orodha ya majina yao.

Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi na baraza la nyumba ambako mpangaji angeweza kwenda kulalamika. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ni wewe, mwenye nyumba, na kile mlichoandikishana.

Jina la mtaa linaongea

Kabla hujatoa hela, sikiliza majina. Mjini shule, na majina ni daftari lake.

Jangwani si jangwa, ni bonde la mto Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kuacha familia nyingi bila makazi. Serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande, mbali kabisa upande wa Bunju. Wapo waliorudi bondeni. Wengine wakawaita wakaidi, ila hesabu yao ilikuwa rahisi: Mabwepande nyumba ipo, kazi haipo, na nauli ya kuifuata kazi inakula kazi yenyewe. Bonde la Mpunga, kule Msasani, jina lake linakwambia kila kitu. Mpunga haulimwi mlimani.

Tabata nako kuna kituo kinaitwa Dampo. Ni kweli palikuwa dampo la jiji, moshi na harufu usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu kuishitaki halmashauri ya jiji, wakashinda. Jiji likawa linaomba muda na muda tena, mwisho taka zikahamishwa. Kesi hiyo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Kila anayepanga Tabata leo na kuifurahia ana deni kwa watu wale waliokataa kuambiwa "zoea tu".

Kwa hiyo upange wapi?

Historia haitakulipia kodi, ila inakupa maswali ambayo dalali hapendi kuulizwa.

Kwanza, hesabu kodi na nauli pamoja, halafu ongeza saa. Chukua mfano: chumba cha mbali kimekuokolea 50,000 kwa mwezi. Kama kinakuongezea saa mbili za barabarani kila siku ya kazi, kwa siku 24 ni saa 48, yaani siku mbili nzima, mchana na usiku, kila mwezi. Ukitoa na nauli ya kuunganisha magari mawili, ile 50,000 imebaki ngapi? Kuna ambaye bado inamlipa. Kuna ambaye anajidanganya.

Pili, chagua barabara kabla ya mtaa. Kazi iko Posta? Angalia njia ya Morogoro. Iko viwandani Barabara ya Nyerere? Gongo la Mboto, Ukonga na Vingunguti zitakufaa kuliko Kimara hata ikiwa na mwendokasi mia. Iko Bandarini? Angalia Mbagala, Mtoni na Kigamboni. Mji huu ulijengwa kama vidole vya mkono, na kuhama kutoka kidole kimoja kwenda kingine kila asubuhi ndiyo mateso yenyewe.

Tatu, panga karibu na gari linapoanzia kama unaweza. Wazoefu wanajua kugeuza: unapanda gari linapokwenda mwisho ili lirudi ukiwa umeshakaa. Aliyepanga pale pale mwisho hahitaji kugeuza. Siti ya saa moja na nusu ni usingizi, ni kitabu, ni heshima.

Nne, nenda ukaone chumba mara mbili: siku ya mvua, na siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi. Dalali atakuita Jumapili saa nne, jua linawaka na barabara nyeupe. Angalia alama za maji ukutani. Uliza kama nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara. Uliza majirani, sio mwenye nyumba.

Tano, andikishaneni. Kodi ya miezi sita au mwaka mbele ni hela nyingi kuitoa kwa maneno ya mdomo, na juu yake kuna mwezi mmoja wa dalali ambao haurudi hata nyumba ikibomolewa kesho. Karatasi yenye majina, kiasi, tarehe na mashahidi haitazuia tingatinga, ila itakupa pa kuanzia kudai chako.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar. Ukijumlisha walioko Kibaha na Mkuranga wanaoingia kila asubuhi, tupo wengi zaidi. Treni ya umeme iliyoanza Juni 2024 inasimama Pugu, na tayari madalali wanaitaja kwenye matangazo ya viwanja. Unaona? Stendi nyingine imefunguliwa, mitaa mingine inakuja, na kuna mpangaji fulani sasa hivi anakula vumbi huko akisubiri lami ambayo huenda ikamfukuza.

Wazee wa mtaani waliiita Dar "Bongo" kwa sababu hapa unaishi kwa akili kichwani. Wapagazi na mabibi wa Kariakoo walikuwa nazo. Waliuliza kazi iko wapi, njia ni ipi, na nani atanigongea mlango nikiugua. Miaka mia imepita na sijaona maswali bora kuliko hayo matatu.

Wewe ulianzia mtaa gani ulipofika mjini, na ulihama kwa sababu gani? Dondosha hapo chini. Kuna mtu yuko kwenye basi sasa hivi anakuja, na jibu lako litamsaidia kuliko la dalali.